Kuchagua Ubingwa wa Udaktari: Dhana Potofu Tunazorithishana Wodini

Wanafunzi wa udaktari wanaopita wodini kwetu hapa Kisumu huniuliza swali lilelile kila mwaka: "Daktari, nichukue ubingwa gani?" Swali ni zuri. Kinachonihuzunisha ni waliyokwisha kuambiwa kabla ya kunifikia.

"Usipojua unachotaka kufikia mwaka wa tatu, umechelewa." Si kweli. Marekani mwanafunzi huomba nafasi ya ubingwa akiwa bado chuoni, mwaka wa mwisho, kwa hiyo haraka yao ina sababu. Kwetu Kenya unasoma miaka 6, unafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini ukizunguka idara, unapewa leseni, kisha wengi hutumika hospitalini miaka kadhaa ndipo warudi shule. Mimi niliingia mafunzo kazini nimeapa kwamba ni upasuaji tu. Nikapangiwa watoto kwanza. Usiku mmoja tukaletewa mtoto wa malaria kali, damu imemwishia, anahema kama aliyekimbia kutoka Ahero. Tulimwongeza damu, na alfajiri akaomba uji. Wodi ya watoto sijaihama tangu siku hiyo.

"Upasuaji ni wa vichwa, tiba ya familia ni ya walioshindwa kwingine." Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha ubingwa wa tiba ya familia mwaka 2005, na Kabarak kule Nakuru nao wanaufundisha. Ni miaka 4 ya kazi ngumu. Bingwa huyo ndiye unayemkuta kwenye hospitali ndogo isiyo na bingwa mwingine: asubuhi anatibu sukari na presha, mchana anampasua mama ambaye uchungu umekwama, jioni anamshauri klinikal ofisa (tabibu asiye daktari) kuhusu mgonjwa wa kifua kikuu. Mama huyo angesafirishwa hadi mjini, huenda tungempoteza njiani. Sioni ushinde hapo.

"Bila Nairobi huwi bingwa." Eldoret ina hospitali ya rufaa ya kitaifa, na mabingwa wanafundishwa humo. Kuna pia Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, ambacho hufundishia hospitalini. Tenwek, kule Bomet, ni mojawapo ya hospitali zake.

"Alama ndizo zitakazokuingiza." Alama zina kazi yake, lakini hata Marekani waliacha kutoa tarakimu za alama za hatua ya kwanza ya mtihani wao wa leseni ya udaktari mwaka 2022, sasa ni kufaulu au kuanguka. Huku kwetu kinachowakwamisha wengi ni karo na ruhusa. Tangu afya igatuliwe 2013, yaani ikabidhiwe serikali za kaunti, mwajiri wa madaktari wengi ni kaunti. Kaunti ikikupa likizo ya masomo, unaendelea kupata mshahara, na kwa kawaida unatia sahihi kwamba utarudi kuitumikia miaka fulani. Asiye na mwajiri hujilipia karo huku akikesha wodini kama wenzake. Wadogo zangu, ulizeni mapema: kaunti inahitaji mabingwa gani? Imetoa ruhusa kwa wangapi? Mkataba unasema nini ukitaka kuondoka? Msipange pia kana kwamba kalenda haiyumbi. Mgomo wa siku 56 wa mwaka 2024 ulihusu, pamoja na mengine, malipo ya madaktari wa mafunzo kazini, na kuna waliokaa nyumbani wakisubiri kupangiwa vituo.

"Chagua kile kilichokusisimua." Msisimko wa chumba cha upasuaji ni wa saa moja. Nenda siku ya kliniki, foleni imefika nje ya mlango na karibu kila mgonjwa ana tatizo lilelile. Kaa zamu ya usiku na daktari anayesomea ubingwa huo, umtazame saa tisa. Kazi hiyo ya kila siku ikikuvuta bado, una jibu.

"Utafiti ni wa maprofesa." Shahada ya uzamili ya udaktari haikamiliki bila tasnifu, basi anza na swali dogo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwetu alihesabu tu muda unaopita tangu mtoto afike akihitaji damu hadi aongezwe. Akaona kwamba sehemu kubwa ya muda huo sampuli ilikuwa mezani, ikingoja mtu wa kuipeleka maabara. Siku hizi anayechukua sampuli ndiye anayekwenda nayo maabara, papo hapo.