Kwa nini dereva wa apu anakupigia kuuliza unaenda wapi wakati umeshaandika?

Umesimama zako Sinza Mori, umeita gari kwenye simu, apu inasema dakika nne, mara dereva anapiga: "Bosi, unaelekea wapi? Keshi au kadi?" Ukisema kadi, kimya, afu kwenye ramani unakaona kagari kanageuza. Mi nilikuwa najua ni ukorofi tu, mpaka siku nilipokaa kiti cha mbele nikambana mmoja anieleze.

Kumbe apu nyingine hazimwonyeshi dereva unakoenda mpaka akubali safari au akubebe kabisa, makusudi ili asichague abiria. Sasa yeye yuko Ubungo, mafuta ya kukufuata anaweka mwenyewe, anafika anakuta unaenda Kijitonyama hapo tu pua na mdomo, hasara kashakula.

Kadi nayo ina mambo yake. Hela inapitia kwanza kampuni, yeye anaipata baadae, wakati sheli wanataka chao sasa hivi na jioni tajiri mwenye gari anasubiri hesabu yake. Keshi anaishika mkononi, ingawa nayo kamisheni, yaani fungu la kampuni ya apu, inaandikwa deni kwenye akaunti yake na likivuka kiwango anafungiwa, hapati oda mpaka alipe.

Hiyo kamisheni ilishaleta mvutano mkubwa tu. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, walisema isizidi 15%, Uber wakasimamisha huduma zao Tanzania mwezi Aprili, wakarudi Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi 25%. Yaani safari ya 10,000 inaweza kukatwa 2,500, hiyo inayobaki ndo utoe mafuta, bando, kuosha gari na hesabu ya tajiri, afu ule.

Taksi za zamani mlikuwa mnapatana dirishani, we unataja elfu nane, yeye kumi na mbili, mnakutana kumi, mnaondoka. Apu imeondoa hayo, bei inapanga yenyewe, kilichobaki mkononi mwa dereva ni kuja au kutokuja, kwa hiyo mapatano yote kayahamishia kwenye ile simu ya nusu dakika.

Juzi nikamuwahi mmoja kabla hajauliza: "Goba, keshi." Akacheka, "Dakika mbili bosi, nishafika."

Alikuja baada ya kumi na tano.