Ushuru wa Mchele Hulipwa Mombasa, Hurudishwa Amu

Gunia la mchele wa Pakistani linaloshushwa Mokowe, gati la upande wa bara, na kuvushwa kwa mashua hadi Amu (Lamu) limekwisha kulipiwa ushuru bandarini Mombasa. Aliyetoa pesa ni mwagizaji. Anayemrudishia ni mama anayenunua kilo moja dukani.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele wa nje ni 75%. Kenya imekuwa ikipewa nafuu ya mwaka mmoja mmoja: 35% ya thamani au dola 200 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Thamani hiyo ni bei ya mchele pamoja na bima na nauli ya meli.

Tuseme tani imefika kwa dola 500. Asilimia 35 yake ni dola 175, haifiki 200, basi forodha itachukua 200. Ongeza ada ya tamko la uagizaji 2.5% na tozo ya reli 2%, yaani dola 22.50. Dola ikiwa shilingi 130, kila gunia la kilo 50 limebeba kama shilingi 1,446 hata kabla ya lori kuondoka Mombasa. Na kwa kuwa wafanyabiashara hupiga faida kwa asilimia juu ya gharama yote, ushuru nao huzaa njiani.

Kile kima cha dola 200 ndicho kinachoumiza. Mchele wa dola 800 hulipa 280, yaani 35%. Wa dola 400 hulipa 200, ambayo ni nusu ya thamani yake. Anayekula mchele wa bei ya chini ndiye anayebanwa zaidi, jambo ambalo halizungumzwi sana.

Mbona basi isitozwe 75% kamili, mkulima wa mchele wa Mwea, hapa Kenya, alindwe? Kwa sababu Pakistani ndiye mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya. Ukiubana mchele wake, naye anaweza kuibana chai. Wala kulegeza si rahisi: mwaka 2025 serikali iliporuhusu tani 500,000 ziingie bila ushuru, shauri lilifika Mahakama Kuu, Kerugoya.

Ushuru ukishuka, usitarajie bei ya Amu ishuke wiki hiyo hiyo. Mwenye duka humaliza kwanza magunia aliyonunua kwa bei ya zamani. Ukipanda, mara nyingi hangoji, maana anawazia pesa za kununulia mzigo ujao.

Mchele wa Tanzania hauna ushuru huu, mradi uwe na cheti cha uasili, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba umelimwa ndani ya Jumuiya. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kipo cheti chepesi kinachotolewa mpakani. Wengi hukwama hapo: mchele ni wa Mbeya kweli, lakini bila karatasi hiyo hauhesabiwi kuwa wa Jumuiya, na hutozwa kama uliovuka bahari.