Mvule Nao Huoza: Upapi wa Dirisha Juu ya Bati la Baraza

Wajenzi wengi wa pwani huamini kwamba upapi wa dirisha, yaani ubao mwembamba unaozunguka fremu yake, ukichongwa kwa mvule na kupakwa rangi ya mafuta, hata ukikaa juu kidogo tu ya bati la baraza, hautaoza kamwe. Sifa hiyo ya mvule ni ya kweli kwa kiini chake cha kahawia peke yake, kwa maana tabaka jeupe linalokizunguka, ambalo mafundi wengine huliacha ili kuokoa mbao, huoza upesi kama mbao ya kawaida.

Hata kiini hakipaswi kuachwa kikilowa. Kuvu wa uozo hawasitawi katika mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20, lakini mvua inayorukaruka kutoka kwenye bati hulowesha ncha za chini za upapi, na ni kwenye ncha zilizokatwa, penye vinyweleo vilivyo wazi, ndipo mbao hunywa maji kwa kasi kuliko ubavuni. Ukikuta rangi imefura hapo, ibonyeze kwa bisibisi: mara nyingi chini yake pamekuwa laini kama mkate uliolowa, kwani rangi iliyopasuka huyaacha maji yaingie kisha huyachelewesha kutoka.

Kwa hiyo ncha zipakwe praima, yaani rangi ya msingi, kabla ya kupigiliwa, na upapi uishie milimita 50 hivi juu ya bati. Ukitaka kuacha mbao, plastiki ya PVC haiozi, ila hutanuka sana juani. Alumini, kwa maoni yangu, hufaa zaidi, mradi iwe na rangi ya kuizuia chumvi.