Je, wajua? Ile kompyuta ya Uingereza ya 2020 haikusahihisha mtihani wowote

Hii stori nimeisimulia vibaya kwa miaka. Dukani kwa mangi hapa Majengo, Moshi, matokeo ya form six yakitoka tu mimi naanza: wenzetu Uingereza kipindi cha korona walisahihishiwa na kompyuta, ikawakamata walimu wanaogawa maksi za bure. Siku moja jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaniuliza, "Ilisahihisha karatasi gani sasa, na mtihani haukufanyika?" Nikabaki na soda yangu mkononi.

Maana ni kweli. Huku kwetu shule zilifungwa Machi 2020, form six wakarudi Juni 1 na mwisho wa mwezi huo wakaingia kwenye pepa kama kawaida. England wao mitihani waliifuta kabisa, kwa hiyo hakukuwa na karatasi hata moja ya kusahihisha, kompyuta haikuona jibu la mtoto yeyote, na mimi nilikuwa naisifia kwa ukali wa kusahihisha!

Walimu waliombwa vitu viwili, gredi wanayodhani mwanafunzi angepata, na foleni ya kila somo kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Kwa madarasa makubwa ile gredi iliwekwa pembeni. Kompyuta ikagawa gredi kwa kutumia foleni, na matokeo ya shule hiyo ya 2017 mpaka 2019.

Chukulia kahawa. Kiwandani punje zinapita kwenye chekeche, kubwa zinaitwa AA, halafu A, halafu B, kwenda chini. Sasa mwaka huu mashine imezimwa, karani anafungua daftari: kijiji chenu miaka yote mnaleta AA magunia mawili, B nane, na moja la hovyo, basi na mwaka huu ni hivyohivyo, nyie pangeni foleni tu. Wawili wa mbele wanaandikiwa AA. Wa mwisho anaandikiwa hovyo, hata kama mwaka huo alipogolea mibuni yote na kuweka samadi. Gunia lake halijafunguliwa. Huko England walirekebisha kidogo kama darasa zima lilikuwa na matokeo mazuri ya mitihani ya nyuma kuliko waliotangulia, ila kwa darasa, siyo kwa mtu.

Matokeo ya A-level, yaani form six yao, yakatoka Agosti 13, karibu gredi 4 kati ya 10 ziko chini ya alizotoa mwalimu. Vijana wakaingia barabarani, Agosti 17 serikali ikarudi kwenye gredi za walimu. Scotland walishageuka wiki moja kabla.

Ila na walimu nao tusiwape asilimia mia. Gredi zao zilipopita, waliopata A na A* (gredi iliyo juu ya A) wakaruka kutoka kama robo mwaka 2019 mpaka karibu asilimia 38, na watoto hawapati akili kwa kasi hiyo, tena shule zikiwa zimefungwa.

Kinachonichekesha ni madarasa madogo. Somo likiwa na wanafunzi watano kushuka chini, daftari la zamani halisemi kitu, basi gredi ya mwalimu inapita. Na darasa la watoto watano utalikuta wapi kama siyo shule za ada kubwa? Kwenye hesabu ya kompyuta, A na A* za shule binafsi zilipanda pointi 4.7 kuliko 2019, za shule za kawaida za serikali pointi 2.

Nikampelekea yule jirani yangu mwalimu haya yote, yeye akang'ang'ania foleni. Darasa lake la mwisho lilikuwa na watoto 84. "Wa 51 na wa 52 ningewatenganisha na nini," akasema, "viatu?"