Mitokondria katika neva ya jicho: maswali na majibu

Nyuzi za neva ya jicho zinatoka wapi na kuishia wapi?

Neva ya jicho ni fungu la nyuzi zipatazo milioni 1 hadi 1.2. Kila uzi ni mkia wa seli moja ya ganglioni, yaani seli inayopeleka taarifa za kuona ubongoni, iliyo kwenye retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Uzi huo hutambaa juu ya retina, hupinda unapofika kwenye kichwa cha neva, kisha hutoka nje ya jicho kupitia lamina kribrosa, yaani tabaka lenye matundu matundu katika ukuta wa nyuma. Kutoka hapo hadi neva za macho mawili zinapokutana ni takriban sentimita 5, lakini uzi wenyewe hauishii hapo. Huendelea bila kukatika hadi ndani kabisa ya ubongo. Kwa hiyo seli yenye mwili mdogo usioonekana kwa macho hulazimika kulisha mkia wenye urefu wa sentimita kadhaa.

Mitokondria zina kazi gani humo?

Mitokondria ni viungo vidogo sana vilivyo ndani ya seli. Hutengeneza ATP, nishati inayotumiwa na seli. Taarifa husafiri kwenye uzi kwa sodiamu kuingia ndani na potasiamu kutoka nje. Baada ya hapo kuna pampu inayorudisha kila kitu mahali pake: kwa kila ATP moja, hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Pampu ikipungukiwa na ATP, sodiamu hurundikana, uzi hushindwa kupitisha taarifa na huanza kuvimba. Hali hiyo ikiendelea, seli nzima hufa, na seli hizi hazizaliwi upya.

Je, zimesambaa kwa usawa katika uzi wote?

Hapana, na magonjwa mengi ya neva hii hueleweka ukianzia hapa. Sehemu ya uzi iliyo ndani ya jicho haina mielini, ule utando wa mafuta unaozungushiwa nyuzi nyingi za ubongo. Mielini huanza nyuma ya lamina kribrosa. Kuna faida katika hilo, kwani mielini ingeanza ndani ya jicho ingezuia mwanga usiifikie retina. Lakini gharama yake ni kubwa.

Penye mielini, taarifa huruka kutoka pengo moja hadi jingine, na pampu hufanya kazi zaidi kwenye mapengo hayo tu. Pasipo mielini, sodiamu huingia katika urefu wote wa uzi, na yote lazima itolewe. Ndiyo maana mitokondria zimejazana katika sehemu iliyo ndani ya jicho na kwenye lamina, kisha idadi yake hushuka ghafla mielini inapoanza. Mabadiliko hayo hutokea ndani ya umbali wa milimita chache tu. Wengine hudhani kwamba mitokondria hukwama kwenye lamina kwa sababu ya msongamano. La, ziko pale kwa sababu matumizi ya nishati ni makubwa pale.

Zinafikaje huko?

Nyingi hutengenezwa kwenye mwili wa seli, kisha hubebwa juu ya reli za protini zilizo ndani ya uzi. Protini ya kinesini huzisogeza kwenda mbele, na dainini hurudisha zilizochakaa. Usafiri huo nao hutumia ATP, hivyo upungufu mdogo huweza kujizidisha: nishati ikipungua, mitokondria mpya hazifiki, na nishati hupungua zaidi. Presha ya jicho ikipanda, lamina hujikunja na kubana nyuzi, na usafiri hukwama papo hapo. Hiyo ni mojawapo ya njia ambazo glakoma, ugonjwa wa macho unaohusishwa na presha hiyo, huharibu neva.

Kwa nini kuona katikati na kutambua rangi huathirika kwanza?

Nyuzi zinazotoka doa la njano, sehemu ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu, ndizo nyembamba kuliko zote. Uzi mwembamba una nafasi ndogo ya mitokondria ukilinganisha na eneo la ngozi yake linalohitaji kupigiwa pampu. Hauna akiba. Mgonjwa huona ukungu katikati, na rangi nyekundu hufifia, ilhali pembeni huona vizuri. Kwa kawaida hakuna maumivu wala wekundu wa jicho, na hapo ndipo watu huchelewa. Glakoma mara nyingi huenda kinyume: huanza pembeni.

Ugonjwa wa Leber ni upi?

Ni ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na daktari Theodor Leber mwaka 1871. Mwaka 1988 chanzo chake kilibainika kuwa hitilafu katika DNA ya mitokondria. Hitilafu 3, katika nafasi za 11778, 3460 na 14484, husababisha takriban asilimia 90 ya visa. Zote huvuruga hatua ya kwanza ya mnyororo wa kutengeneza ATP.

Mara nyingi humpata kijana wa miaka 15 hadi 35. Jicho moja hupoteza uwezo wa kuona katikati, na la pili hufuata baada ya wiki au miezi michache. Mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo mwanamume mwenye hitilafu hawarithishi watoto wake. Wengi wenye hitilafu hawaugui kamwe, na wanaume huugua zaidi kuliko wanawake. Sigara huongeza hatari, kwa hiyo ndugu wa upande wa mama wasivute, hata kama wanaona vizuri.

Dawa ya idebenoni, miligramu 900 kwa siku zikigawanywa mara 3, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2015. Huwasaidia baadhi tu. Wenye hitilafu ya 14484 ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kupata nafuu.

Ni dawa na sumu zipi za kuangaliwa?

Ethambutoli ya kifua kikuu ni ya kwanza. Hatari huongezeka kadiri dozi inavyopanda juu ya miligramu 15 kwa kilo ya uzito kwa siku, na zaidi kwa mwenye figo dhaifu, kwa kuwa dawa hutolewa na figo. Linezolidi, dawa ya kuua bakteria, huleta tatizo hasa ikitumiwa zaidi ya siku 28. Ukiona mabadiliko, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Usiache dawa za kifua kikuu kwa uamuzi wako. Daktari ataondoa iliyo na madhara na kupanga nyingine.

Methanoli katika pombe chafu ni dharura. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo huziba hatua ya mwisho ya mnyororo wa mitokondria. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, kwa hiyo usisubiri macho yaanze kufifia. Upungufu wa vitamini B12 nao huharibu neva hii polepole, na ukigunduliwa mapema hutibika.

Nijipimeje nyumbani?

Funika jicho moja, kwa sababu jicho zima huficha kasoro ya lile bovu. Soma maandishi yale yale kwa kila jicho, ukivaa miwani yako ya kusomea. Kisha tazama kitu chekundu na ulinganishe: je, jicho moja linakiona kimepauka? Anayetumia ethambutoli afanye hivi kila wiki, juu ya vipimo vya kliniki.

Miwani mipya itasaidia?

Toboa karatasi nene kwa sindano, tundu la milimita 1 hivi, uchungulie. Maandishi yakiwa wazi zaidi, huenda shida ni ya lenzi na miwani itasaidia. Yasipobadilika, mwambie daktari achunguze retina na neva.