Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: yanayosemwa kwenye foleni na ukweli wenyewe

Mvua za Machi zikikaribia, foleni za mbolea ya ruzuku ya serikali huku Trans Nzoia, Kenya, hujaa maneno. Mengine humtia mkulima hasara hata kabla hajapanda.

"Serikali itanitumia pesa." Hakuna hela inayoingia kwenye simu. Ruzuku iko kwenye bei: Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa karibu shilingi 6,500 ulishushwa hadi 3,500, na Agosti 2023 ukafika 2,500. Serikali inabeba kilichosalia, wewe unalipa chako. Asiye na hizo 2,500 msimu wa kupanda hapati kitu, na hapo naona mpango huu unamwacha nje yule anayeuhitaji kuliko wote. Kisha kuna nauli. Mtu wa Endebess anayekodi pikipiki kwa mfuko mmoja apige hesabu mpaka shambani, asiishie kwenye bei ya ghalani. Majirani wakichangia pikapu, afueni ipo.

"Nikijisajili na ekari zangu zote, watanitoza kodi." Uvumi huu unaniuma kwa sababu unawaponza watu waangalifu. Mwenye ekari tatu anaandikisha moja. Mgao wa mifuko hufuata ekari na zao uliloandikisha, kwa hiyo ekari mbili zilizofichwa atazinunulia mbolea kwa agroveti, yaani duka la pembejeo, bei kamili. Usajili ulifanywa ili pembejeo zigawanywe.

"Ujumbe wa vocha ya mbolea ukishaingia kwenye simu, yeyote nyumbani anaweza kuchukua." Nilimwona mama mmoja amefika dirishani kwenye ghala fulani, kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, mkononi, ujumbe aliotumiwa na mumewe umefunguliwa. Vocha ilikuwa kwa jina la mume, na kitambulisho cha mume kiko Nairobi pamoja na mwenyewe. Akarudi bila mfuko, na shamba analilima yeye. Akina mama, kama jembe ni lako, mwambie chifu au msajili aandike jina lako na namba yako.

"Mbolea ya serikali ni mchanga mtupu." Hili lina chanzo chake. Mwaka 2024 mbolea duni ilipatikana ikiuzwa kupitia mpango huuhuu, Bunge likachunguza, na serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Waliopoteza msimu hawakubuni hadithi. Lakini kutoka hapo hadi kusema kila mfuko ni bandia ni mbali: DAP halisi, ile mbolea ya kupandia, ya bei nafuu haina tofauti na DAP halisi ya dukani. Kagua mshono wa mfuko kabla hujalipa, tunza risiti, na ukishapanda usichome mfuko mtupu. Weka konzi moja ya mbolea kwenye chupa kavu uifunge vizuri. Shamba likikataa, utakuwa na ushahidi.

"DAP kila mwaka, mahindi hayakosi." Hapa bei nafuu yenyewe inaweza kutuponza. DAP ikirudiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi kwenye udongo, na udongo wenye asidi kali huishika fosforasi mzizi usiipate. Ukiona mahindi machanga majani yake yamegeuka zambarau ilhali ulipanda na mbolea, usikimbilie mfuko mwingine. Peleka udongo ukapimwe. Ikithibitika ni asidi, chokaa ya shambani itangulie, imwagwe na ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda.