Dumu la Maji la Llewelyn Moss

Nafundisha uandishi wa miswada ya filamu, na kuna swali moja ambalo kila mwaka hugawa darasa: Llewelyn Moss alirudi jangwani usiku ule kufuata nini?

Filamu ni No Country for Old Men, ya ndugu Joel na Ethan Coen, ya mwaka 2007. Ni magharibi ya Texas, mwaka 1980. Moss, fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kupigana Vietnam, yuko mawindoni anapokuta magari yaliyotobolewa risasi na maiti za wauza dawa za kulevya. Mmoja bado anapumua, ameegemea kiti cha dereva, anaomba maji. Moss anamjibu kwamba hana, anamchukulia silaha yake, anakwenda zake. Mbele anaokota begi lenye dola milioni 2.

Usiku usingizi unagoma. Anaamka, anaingia jikoni, anafungulia maji na kujaza dumu. Mkewe, Carla Jean, anamuuliza aendako. Anakiri kwamba anakwenda kufanya jambo la kijinga kupindukia, lakini atakwenda tu.

Wengi husema utu ndio uliomponza. Mimi siafiki haraka hivyo. Tazama anachobeba na anachoacha. Maji anayabeba, pesa anaziacha nyumbani. Angeweza kupiga simu polisi bila kutaja jina, lakini polisi wangeuliza pesa ziko wapi. Na saa nyingi zimeshapita. Askari wa zamani anajua fika kwamba majeruhi wa namna ile hasubiri mpaka usiku wa manane.

Halafu kuna bastola. Anapofukuzwa na wauza dawa waliomkuta pale na kujitosa mtoni, mbwa anaogelea nyuma yake, naye akifika ukingoni anaikung'uta maji na kuiweka sawa, anafyatua mbwa akiwa tayari amemrukia. Kwa hiyo alikwenda na maji na silaha. Je, silaha ilikuwa ya kujilinda tu? Yule majeruhi ndiye pekee aliyeuona uso wake. Muswada haujibu, na nadhani Moss mwenyewe asingeweza kujibu. Kwa maoni yangu alikuwa akitafuta usingizi. Toba ingemdai arudishe alichochukua. Yeye anarudisha kitu ambacho hakukichukua, kinachopatikana bure bombani. Lakini simdharau. Katika filamu hiyohiyo Anton Chigurh, muuaji wa kukodiwa anayezisaka pesa zile, anaua watu na hakuna sauti inayomwamsha. Moss alisikia kiu ya mtu asiyemjua, akaisikia tena kitandani.

Kuhusu kuponzwa, ni kweli gari aliloliacha pale ndilo lililompa Chigurh njia ya kufika nyumbani kwake. Lakini ndani ya noti kulikuwa na kifaa cha kutoa mawimbi, na ndicho kilichomfuata hadi hotelini. Hatari aliikaribisha mchana, alipobeba begi. Ndiyo maana nakataa tafsiri ya kwamba filamu inaadhibu wema.

Darasani nasimamisha picha pale jikoni. Hakuna muziki. Josh Brolin, anayemwigiza Moss, haonyeshi huzuni wala hofu usoni. Anasimamia dumu lijae, kama mtu anayejiandaa kwenda kibaruani. Huko aendako, mwenye kiu amekwisha kufa.